Sikio Lilitangulia

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki husimuliwa kwa majina ya waongozaji na waigizaji. Mimi ninafundisha sauti chuoni, na ninaisimulia kwa kuwafuata watu wengine: waliokaa nyuma ya maiki, waliobeba vinasa sauti begani, waliokata utepe kwa wembe. Majina yao mengi hayakuandikwa popote. Hata hivyo, huku kwetu filamu ilijifunza kusema kutoka kwao, na mwanafunzi asiyewajua huingia kazini akidhani kwamba sauti ni kiungo cha kunyunyizia mwishoni, chakula kikiwa kimekwisha kuiva.

Mimi ni mtoto wa Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Katika miaka yangu yote ya shule hakuna aliyenieleza kwamba juu ya milima ile, mahali paitwapo Vugiri, filamu zilikuwa zikitengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Habari hiyo niliipata nikiwa mwanafunzi Nairobi, katika kitabu cha mwaka 1937 kiitwacho The African and the Cinema. Niliinama juu ya kurasa zile nikisoma habari za nyumbani kwetu zilizoandikwa na watu wa mbali.

Mradi wenyewe uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa mkato Bekefilm, nao ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1937. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Meja L. A. Notcutt alisimamia kazi uwanjani, G. C. Latham akashika upande wa elimu. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35: safura na namna ya kujikinga nayo, kilimo, kodi, faida ya kuweka akiba posta. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi za ufundi. Kisha filamu zikapakiwa kwenye lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kinachonivuta mimi ni jinsi zilivyosema. Picha zilikuwa kwenye filamu ya milimita 16, na sauti ilikuwa kando, kwenye sahani za santuri. Kwa njia hiyo filamu moja iliweza kutumiwa na watu wa lugha mbalimbali: sahani ya Kiswahili ikitolewa, ya lugha nyingine inawekwa. Jioni projekta ilizungushwa huku, santuri ikazungushwa kule, na fundi akajitahidi viende pamoja.

Yeyote aliyewahi kushika kazi hii anaona hatari iko wapi. Filamu hukatika. Ikikatika huunganishwa kwa gundi, na vipande vichache vya picha hupotea. Santuri haina habari na ajali hiyo. Yenyewe inaendelea kusema kama ilivyorekodiwa. Filamu inayokwenda kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde ikipoteza picha 24, basi sauti imeachwa nyuma sekunde nzima. Mdomo umekwisha kufunga, neno ndio kwanza linatoka. Kila mwaka ninawafanyia wanafunzi wapya jaribio hilo darasani: ninawaonyesha mazungumzo ya watu wawili, nikiichelewesha sauti kidogo kidogo, nao wanainua mkono pale wanapoacha kumwamini msemaji. Mikono huanza kupanda mapema kuliko wanavyotarajia. Hapo ndipo wanaelewa kwamba jicho husamehe mengi, sikio halisamehe.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, chini ya William Sellers. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha za haraka, hivyo kila tendo lionyeshwe polepole, bila mbinu za kamera. Ilikuwa dharau iliyovishwa joho la utaalamu. Lakini utaratibu wake ulifungua mlango ambao wenyewe hawakuukusudia. Filamu nyingi za kitengo hicho zilionyeshwa bila maneno, na kwenye gari la sinema alikuwamo Mwafrika mwenye maiki, akiwaeleza watu kwa lugha yao yanayopita kwenye shuka nyeupe. Aliusikia umati ukicheka, akangoja. Aliona wazee hawakuelewa, akarudia kwa mfano wa pale kijijini. Santuri ya Vugiri isingeweza kufanya hivyo. Kwangu mimi, mtu yule wa garini ndiye fundi wa kwanza wa sauti ya sinema katika nchi zetu, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kupewa nafasi ya kuamua msikilizaji asikie nini na wakati gani.

Mafunzo rasmi hayakumfikia. Kitengo kilipofungua shule ya filamu Accra mwaka 1948, wanafunzi walikuwa vijana wa Gold Coast na Nigeria. Afrika Mashariki haikuwa na kiti. Huku watu walijifunza kwa kutumwa.

Mmoja wao wengi wetu tunamjua kwa kazi nyingine kabisa. Rashidi Mfaume Kawawa alifanya kazi na kikosi cha sinema cha serikali ya Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni kutoka Afrika Kusini. Muhogo Mchungu ni mojawapo. Baadaye aliongoza vyama vya wafanyakazi, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Wanafunzi wangu hushangaa kusikia kwamba mshika bendera wa serikali alikuwa nyota wa sinema. Mimi sishangai. Kazi ya kusimama na kusema na umati wa watu waliokuja kwa hiari yao ni chuo tosha cha uongozi.

Chuo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa redio. Sauti ya Mvita ilisikika Mombasa tangu 1947. Mwaka 1951 zikaanza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Ile ya Dar es Salaam ilikua, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD yetu. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na isingekuwa nayo kwa karibu miaka 30. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, lakini sisi wa Bara tuliingia miaka ya 1990 tukiwa bado tunasikiliza. Vizazi viwili vilikua vikitengeneza picha kichwani kutokana na sauti peke yake.

Fikiria hilo lilidai nini kwa fundi. Katika mchezo wa redio hakuna mlango mpaka usikike ukifunguka. Hakuna mvua, hakuna usiku, hakuna mgeni anayepiga hodi, mpaka mtu fulani studioni avitengeneze. Mzee mmoja aliyestaafu kazi hiyo alinifundisha vishindo nilipokuwa kijana, naye hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na trei la kokoto, trei la mchanga, kipande cha jamvi, na kifremu cha mlango chenye komeo, kitasa na bawaba iliyoachwa bila mafuta kwa makusudi. Mchele ulipomwagwa polepole juu ya ungo, mvua ilinyesha. Karatasi ya nailoni ilipofinyangwa karibu na maiki, moto uliwaka. Muwa ulipovunjwa, msikilizaji alishika mguu wake.

“Mwanangu,” aliniambia, “usitafute kitu chenyewe. Tafuta kitakachomfanya mtu akione.”

Hollywood kazi hiyo inabeba jina la Jack Foley, aliyeianza katika kampuni ya Universal wakati filamu ya Show Boat ya 1929 ilipohitaji sauti. Foley anastahili heshima yake, na ninamfundisha. Lakini ninawaambia wanafunzi pia kwamba ujuzi huo ulikuwapo Barabara ya Pugu, katika studio za RTD, mikononi mwa watu waliokuja kazini kwa basi na kuvumbua mvua yao wenyewe.

Studio zile zile zilikuwa ndiyo kampuni ya kurekodi muziki ya taifa. NUTA Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park na bendi nyingine nyingi zilirekodi pale kwa ajili ya hewani. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mbele ya maiki chache. Hapakuwa na nafasi ya kumrekodi mwimbaji leo na mpiga gitaa kesho. Ikiwa saksafoni inamfunika mwimbaji, mpigaji alirudi nyuma hatua mbili. Uwiano wa sauti ulipangwa sakafuni, kwa miguu, kabla ya utepe kuanza kuzunguka. Mwanafunzi wa leo akizisikiliza rekodi zile kwa hedifoni nzuri anasikia chumba: nani yuko mbele, nani kando, ukuta uko umbali gani. Hilo ndilo tunalolitafuta sasa kwa programu za bei kubwa.

Nguvu ya shule hiyo ilijulikana hata kwa watafiti wa ng'ambo. Julai 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, uliokuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mkewe Tunu. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Matokeo yalionyesha kwamba waliousikiliza walibadilika zaidi katika matumizi ya uzazi wa mpango na katika kujikinga. Wataalamu wa afya wanausoma mfano huo mpaka leo. Mimi ninausoma kama fundi: sauti ya injini, sauti ya baa, ukimya wa mke anayengoja, vyote vilitosha kumfanya Mkwaju awe jirani wa kila mtu.

Kenya ilitangulia kwa vyuo. Mwaka 1961 ilianzishwa Nairobi shule ya kuwafunza mafundi wa redio, ambayo ilikua ikawa Kenya Institute of Mass Communication, KIMC. Taasisi ya Ujerumani ya Friedrich Ebert ilisaidia kuanzisha mafunzo ya filamu hapo. Angalia mpangilio: mafundi wa redio kwanza, filamu baadaye. Sikio lilitangulia hata katika majengo. Anne Mungai alipitia mafunzo ya KIMC, na mwaka 1992 akatoa Saikati, filamu ndefu juu ya binti wa Kimaasai anayekimbia ndoa asiyoitaka na kwenda Nairobi. Ni miongoni mwa filamu za kwanza ndefu kuongozwa na mwanamke wa Kenya.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Tanzania Film Company iliundwa 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti ikafuata Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Denmark. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa 1981, nacho tangu 2007 ni TaSUBa. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, filamu fupi ya Kiswahili ambayo bado ninaionyesha darasani. Vyombo vilikuwa vichache na filamu ghafi ilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Ndiyo maana orodha ya filamu za miaka ile ni fupi. Vipaji havikupungua.

Mimi nilisoma Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za utepe zikielekea ukingoni. Tulirekodi kwa Nagra, kinasa sauti cha Kiswisi alichokibuni Stefan Kudelski, kizito begani lakini cha kuaminika kuliko saa. Utepe ulipita kwa sentimita 19 kwa sekunde, ama 38 tukitaka ubora zaidi. Kwa hiyo sekunde moja ya maneno ilikuwa kitu unachoweza kukipima kwa rula. Ukitaka kuondoa kikohozi, ulizungusha gurudumu kwa mkono mpaka ukisikie kinapoanza, ukatia alama kwa penseli ya nta, ukakata kwa wembe kimshazari, ukaunganisha kwa gundi ya utepe. Ukikata vibaya, pumzi ya msemaji imekwenda na kikohozi. Kipande cha pumzi kiko sakafuni, tafuta.

Kwenye meza ya kuhariri tulikuwa na picha kwenye njia moja na sauti kwenye nyingine, zikifungwa pamoja kwa alama ya ubao wa mwanzo wa tukio: picha ambayo ubao unagongana, na mlio wake. Hapo nikaielewa Vugiri vizuri. Tatizo la Notcutt na santuri zake lilikuwa hili hili. Zaidi ya miaka 50 baadaye tulikuwa tunalitatua kwa meno ya gia na ubao wa kugonga.

Zoezi lililonijenga lilikuwa la kukaa kimya. Mwalimu alitupeleka Soko la Gikomba bila kinasa sauti, akatuambia tuandike kila tunachosikia, cha karibu hadi cha mbali. Niliandika nyundo za mafundi wa masanduku ya bati, wauza mitumba wakinadi bei, mkokoteni, mtoto, kisha nyuma kabisa, ngurumo ya matatu. Siku iliyofuata tulirudi na mashine, na kila mmoja alijua aelekeze wapi maiki. Mpaka leo sijapata zoezi bora zaidi, na mimi huwapeleka wanafunzi wangu Kariakoo, kisha Feri samaki wanapopigwa mnada.

Baadaye ikaja kanda ya video, na mambo mawili yakatokea kwa pamoja. La kwanza ni kurudi kwa yule mtu wa gari la sinema. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala walitokea watafsiri wa filamu za kigeni, wenye maiki mkononi, wakieleza Kihindi, Kichina na Kiingereza kwa lugha ya wateja wao. Lufufu alijulikana Tanzania nzima kwa kazi hiyo, na Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Wasomi wengine waliwapuuza. Mimi ninawaheshimu, kwa sababu walishika kazi ya kale na kuifanya kwa ufundi mkubwa: kupunguza sauti ya filamu pale tu wanapohitaji kusema, kuirudisha mlipuko unapokuja, kubadili sauti kwa kila mhusika. Huko ni kuchanganya sauti, tena papo kwa papo.

La pili linaniuma. Filamu zetu wenyewe za video zilipoanza kushamiri, baada ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, soko lilikua haraka na bajeti ikaelekezwa kwa nyota na kamera. Sauti mara nyingi ilichukuliwa na maiki iliyo juu ya kamera yenyewe, mita kadhaa kutoka kwa msemaji. Jenereta la jirani likaingia, upepo ukaingia, na kinanda kikajazwa juu ili kufunika. Watu waliokuwa na uwezo wa kusahihisha hayo walikuwapo. Walikuwa wastaafu wa redio, wakiwa na pensheni zao Ilala na Temeke. Hawakuitwa. Ujuzi wa nusu karne ulikaa kibarazani huku tasnia mpya ikijifunza upya kutoka mwanzo.

Sasa hali inabadilika, na ninaiona ikibadilika mbele ya macho yangu. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair Kampala mwaka 2004, na warsha za One Fine Day Nairobi zimewapa vijana walimu na vifaa. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, ilitoka katika mkondo huo, na jiji linasikika ndani yake kama lilivyo. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa tamasha la Toronto, na Zanzibar yake unaweza kuisikia hata ukifumba macho. Mwanafunzi wangu leo ana kinasa sauti kinachoingia mfukoni na kompyuta yenye njia za sauti zisizo na idadi. Anachokata anaweza kukirudisha kwa kubonyeza. Mzee wangu wa vishindo angefurahi mno kukiona chombo hicho, kisha angeuliza mara moja: kokoto ziko wapi?

Ndiyo maana natetea jambo moja katika kila kikao cha mtaala ninachoalikwa. Muhula wa kwanza wa masomo ya filamu na midia uwe wa sauti peke yake. Mwanafunzi atengeneze mchezo wa redio kabla hajakabidhiwa kamera. Asikilize mkanda wa RTD na aseme maiki ilikaa wapi. Amtafute fundi mmoja mstaafu mjini kwake, amwamkie, akae naye, amrekodi akieleza kazi yake, na rekodi hiyo iwekwe maktaba ya chuo ikiwa na jina la mzee huyo. Mafunzo hayo hayahitaji mkopo wa wafadhili wala vyombo vya kuagiza nje. Yanahitaji kuharakishwa, maana utepe unaliwa na unyevu wa pwani na wenye ujuzi wanazeeka.

Wapo wanaonijibu kwamba kijana wa leo ni wa picha, na ukimnyima kamera muhula mzima atahama. Uzoefu wangu ni kinyume. Wanaoanza na sauti ndio wanaoshika kamera kwa subira zaidi, kwa sababu wamekwisha kujua nini kinaweza kusikika bila kuonyeshwa. Wanajua mlango unaofungwa nje ya picha unaweza kumwogopesha mtu kuliko mlango anaouona. Ujuzi huo hatukuuazima. Ulitengenezwa hapa, na watu wetu, kwa lugha yetu, kuanzia gari la sinema hadi Barabara ya Pugu. Vyuo vyetu vina wajibu wa kuufundisha kama urithi wa taaluma, kwa majina ya walioujenga, na kuutolea cheti.